Tumefika Munigi: Nani Hayupo?

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mashine ya kuchapa, kikombe cha chai isiyo na sukari, na mpango wa miaka mitano wa zahanati moja ya Goma niuchape safi. Nilikuwa daktilo, yaani mpiga chapa, kijana niliyetoka upande wa Bukavu na suruali moja ya kuaminika. Nilichapa mbio nikitaka kusifiwa. Kabla ya saa sita nikapeleka kazi yangu kwa Mkurugenzi, mzee wa Butembo ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi nyuma ya sikio.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Nimeitapa yote na mashine, Directeur. Hakuna kosa hata moja."

"Sikukuuliza kama umeitapa. Umeisoma?"

Akanishika mkono akanivuta hadi dirishani. Yalikuwa majira yale wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka na kuijaza Goma. Barabara yote ilikuwa magodoro, masufuria na watoto waliochoka kulia.

"Mwaka wa kwanza banapaka ukuta rangi," Mkurugenzi akasoma. "Mwaka wa pili bananunua viti. Sasa hawa batu bako fasi gani mu hii karatasi?"

Hawakuwemo. Watu wazima, wenye elimu zao, walikuwa wamekaa mezani wakapanga miaka mitano, na zahanati yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka mpakani! Niliona aibu, kisha nikashikwa na hamu ambayo haikuniacha hadi nilipostaafu. Nilitaka kujua inakuwaje mtu asione kile kilicho mbele ya mlango wake, na nani anaweza kumsaidia akione.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ofisi yetu. Shule, zahanati, vyama vya wakulima na vikundi vya wamama walituita tuwasaidie kuifikiria kesho yao kwa makini na kuizungumza waziwazi. Vijana wananiuliza kama tulikuwa watabiri. Hapana! Katika miaka yote sikupatia tarehe ya jambo lolote, hata ya mvua. Tulichofanya ni kuuliza. Mkurugenzi alitufundisha kutafuta "nguzo zilizofichika", yaani mambo ambayo mpango unayategemea bila kuyataja, kama vile kwamba barabara ya Rutshuru itapitika. Alitufundisha pia "alama za mapema", vitu vidogo vinavyotangulia vikubwa. Ukiona wake wa askari wanatuma magodoro yao Goma, huhitaji redio.

Baada ya miaka kadhaa ya kuchapa nilipandishwa cheo nikawa animateur, mtu wa kuwasha mazungumzo katika kikao na kuhakikisha hayazimiki. Nilifurahi hadi nikanunua viatu vipya. Kazi ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa Kiwanja, kwenye ile barabara ya Rutshuru, katika maternite ndogo, yaani kituo cha kuzalishia, iliyoendeshwa na chama cha wakunga. Wakati huo wakimbizi walikuwa wamefuatwa na vita, na vita vilikwisha kupita Kiwanja mara moja. Kila mtu alijua vinaweza kurudi.

Mkuu wa pale aliitwa Mama Titulaire, maana ndivyo tunavyomwita Kongo muuguzi anayeongoza kituo. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi kupita kiasi, mwenye sauti ya kunyamazisha chumba. Mimi, na viatu vyangu vipya, nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikatoa marker nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa: VITA VIKIFIKA HAPA, MTAFANYA NINI?

Mama Titulaire akainuka. Akaibandua ile karatasi, akaikunja mara nne, akanirudishia.

"Papa, hapa tunazalisha batoto," akasema. "Hatuite vita. Tuombe."

Tukaomba. Kikao kikaisha kwa Amina, na sikupata hata nafasi ya kutumia marker ya bluu.

Kama mambo yangeishia hapo ningeshukuru. Nilienda kula maharagi karibu na soko, na nilipotoka nikakuta wachuuzi wanafunga mizigo. Magunia yalikuwa yakirushwa juu ya magari, wamama wanaita watoto, pikipiki zinapita na magodoro matatu matatu. Nikamuuliza motari mmoja, dereva wa pikipiki, kuna nini. Akanitazama kuanzia viatuni.

"Si ni wewe mutu wa bureau ya Goma? Banasema umeandika vita ku karatasi, na rangi ya damu. Juu ya nini hukutuambia asubui?"

Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Kiwanja walikuwa wamezoea kwamba watu wa ofisi husikia habari kabla ya wengine. Kwao swali langu lilikuwa habari. Ilibidi mkuu wa mji azunguke na kipaza sauti akiwaambia watu warudishe magunia yao, na mimi nyuma yake nikiinamisha kichwa.

Goma nilipokewa na Mkurugenzi amesimama.

"Umehamisha soko muzima na marker moja!" akapiga kelele. "Hata benye bunduki hawajaweza vile!" Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi miwani ikaanguka ikaning'inia kwa ule uzi. Alipotulia akaniambia nikae. "Sikiliza. Batu ya hapa hawashindwe kuongea vita. Kaa nao ku barza siku ya mungu, kisha misa. Kila mutu atakuelezea namna alikimbia, saa muzima, hata unamuomba aache. Mambo ya nyuma banayaongea bila woga. Ya mbele ndiyo banaogopa kuyaita. Basi, usiwaulize kama vita itakuya. Uwapeleke kule mbele, bakae chini, bapumue, kisha bakueleze safari ilikuwa namna gani."

Sikulala vizuri wiki ile kwa msisimko. Wazo lilikuwa rahisi na hakuna aliyewahi kulijaribu! Nikarudi Kiwanja, safari hii nikaanzia kwa mkuu wa mji na kwa padri, nikawaeleza ninakuja kufanya nini na sijui lolote kuhusu vita. Mama Titulaire alinipa saa moja. Sharti lake lilikuwa moja: nisiingie na marker.

Nikawaomba wakunga waniambie walivyokimbia mara ile ya kwanza. Ee! Chumba kililipuka. Mmoja alibeba redio akasahau betri. Mwingine alivaa vitenge sita, akafika Rugari, nusu ya njia ya Goma, anatokwa jasho kama anapika ugali wa kijiji kizima. Mama Kavira, mfanyakazi wa usafi, alikimbia na kuku, na kuku akataga njiani, na Mama Kavira akawasimamisha wote hadi yai lipatikane. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mama Titulaire peke yake hakucheka, na sikuuliza kwa nini.

"Sasa," nikasema, "ni mwaka kesho. Tumekwisha kukimbia tena, na safari imekwisha. Tumefika Munigi, mlangoni mwa Goma, tumekaa katika uwanja wa shule, tunakunywa maji. Tazameni kushoto na kulia. Nani yupo? Nani hayupo?"

Wakaanza kutajana. Wakunga wapo. Watoto wao wapo. Kuku yupo. Kisha Mama Kavira, ambaye bado alikuwa anafuta machozi ya kicheko, akasema polepole:

"Mama wa kitanda ya dirisha haiko."

Nyuma ya ukuta tulimsikia mama mmoja akiugua kwa uchungu. Alikuwa kwenye kitanda hicho hicho, na saa yake ya kujifungua ilikuwa imekaribia. Hakuna aliyeinua macho. Hapo ndipo nilipoelewa swali ambalo maternite nzima ilikuwa inalizunguka bila kuligusa: wote tukikimbia, nani anabaki na mama asiyeweza kukimbia?

Mama Titulaire akasimama. Nilidhani atafunga kikao kwa sala nyingine.

"Mara ile, zamu ilikuwa yangu," akasema. "Nilisikia masasi ya bunduki, nikakimbia. Nilimuacha Masika ku kitanda. Alizaa peke yake. Mutoto hakupona." Sauti yake ya kunyamazisha chumba ilikuwa imekwisha. "Masika anauzisha tomate pale sokoni. Ananisalimia kila siku. Ananiita dada. Afazali angenitukana."

Mama Kavira akahama kiti chake akakaa karibu naye. Nami nitasema ukweli, hata kama si wa heshima: nilimhurumia sana, na wakati huo huo moyo wangu ulikuwa unaruka. Neno lilikuwa limetoka. Tangu hapo kikao hakikuwa changu tena.

Saa moja niliyopewa ikawa siku mbili. Mama Titulaire mwenyewe aliweka kanuni ya kwanza: mwenye zamu anaondoka wa mwisho, pamoja na mgonjwa wake. Mwingine akasema haiwezekani bila wabebaji, basi kila mama aliyekaribia kujifungua akatakiwa kutaja ndugu wanne wa kubeba tipoyi, ile machela ya miti miwili inayowekwa mabegani. Glavu, nyembe na dawa zikagawanywa katika mifuko midogo, kila mkunga na wake nyumbani, badala ya kufungiwa katika kabati moja. Mama Kavira, aliyewauzia wake wa askari makaa, akapewa kazi ya kutazama magodoro yao. Alijivunia cheo hicho kuliko mimi nilivyojivunia changu.

Tukakumbuka uvumi wangu wa marker. Jumapili, baada ya misa, Mama Titulaire akasimama mbele ya waumini. "Kesho mutatuona na tipoyi," akawaambia. "Tunajizoeza tu. Vita haijafika. Siku ikifika, tutawaambia na mudomo yetu, hatutaandika ku karatasi." Watu wote wakageuka kunitazama wakacheka.

Siku ya mazoezi Mama Kavira alijitolea kuwa mgonjwa. Walimpitisha sokoni juujuu, naye akipungia watu mkono kama askofu. Mbebaji mmoja akachoka karibu na meza za nyanya, yaani tomate. Mwanamke mmoja akatoka nyuma ya meza yake, akaingiza bega lake chini ya mti bila kuulizwa. Mama Titulaire, aliyekuwa ameshika mti wa upande wa pili, akafunga macho huku akiendelea kutembea. Sikuhitaji kuambiwa kwamba yule ndiye Masika.

Vita vilirudi kabla ya maharagi ya msimu uliofuata kukomaa. Nilikuwa Goma tuliposikia barabara ya Rutshuru imejaa watu. Niliomba ruhusa, nikapanda pikipiki hadi Munigi, nikasimama kando ya barabara kutazama nyuso. Siku ya kwanza sikuona mtu ninayemjua. Siku ya pili asubuhi akatokea Mama Kavira na wakunga watatu, na wamama wanne wenye matumbo makubwa, wamechoka, wazima.

"Niliona magodoro!" akanipigia kelele kabla hata ya kunisalimia. "Tulitoka mbele masasi ianze kulia!"

"Na Titulaire?"

Furaha ikamtoka usoni. "Iko nyuma. Mama mumoja uchungu ilimushika wakati tunatoka. Alikuwa na zamu."

Nilisimama barabarani siku ile yote. Niliona aibu kubwa, kwa sababu ni mimi niliyeingia Kiwanja na swali langu, na sasa mwanamke mmoja alikuwa analijibu kwa maisha yake wakati mimi nimevaa viatu safi. Siku ya tatu, jua likiwa kichwani, nikaona miti miwili ya tipoyi juu ya vichwa vya watu. Masika alikuwa mbele. Mama Titulaire alikuwa nyuma, miguu imevimba, kitenge kimejaa vumbi jeusi la volkano. Juu ya tipoyi alilala mama, na kifuani mwa mama kulikuwa na kichwa kidogo cheusi kilichozaliwa kando ya barabara, Rugari.

Mama Titulaire hakunisalimia. Aliweka tipoyi chini, akaenda kwa watu wake katika uwanja wa shule, akaanza kuwagusa mmoja mmoja begani akihesabu kwa sauti. Alirudia mara mbili. "Tuko wote," akasema, ndipo akakaa chini akalia kama mtoto. Mimi nilicheza, mtu mzima wa ofisi, mbele ya wakimbizi wote wa Munigi, na wala sikujali nani ananitazama.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakurugenzi wengine, Beni, Bukavu, hadi nikawa mkuu wa programu na ofisi yenye mlango. Si kila mahali tulifaulu. Kuna chama kilichotusikiliza vizuri sana kisha kikarudi kupaka ukuta rangi. Hata hivyo sijawahi kuichoka kazi ile. Ukiona watu waliokuwa wakinong'ona juu ya kesho wameanza kubishana kwa sauti, unasahau mshahara uliochelewa.

Sasa nimestaafu, ninakaa Goma, na goti langu la kulia limekataa kazi kabisa. Jumapili moja hivi karibuni, wakati habari za vita zilikuwa zimechacha tena, tulikuwa barazani baada ya misa, wanangu na wajukuu wote. Sikuwaambia kitu. Binti yangu ndiye aliyeanza: "Basi, tumefika Bukavu. Tumekaa. Nani haiko?" Wakaanza kutajana. Walipofika kwangu ukazuka ugomvi mkubwa: nani amembeba muzee? Mmoja akasema ni mzito mno. Mwingine akasema abebwe kwa zamu, na asiruhusiwe kuongea njiani, maana ataanza kuuliza maswali. Walibishana kwa kelele, wakicheka, mbele yangu, kana kwamba sipo. Nami nilinyoosha goti langu, nimejaa furaha hadi chai ikanipoa mkononi, kwa sababu katika kila kesho waliyoisema siku ile, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika bila mimi.