Tangazo halitoki hadi mkunga alisikie

Saa moja kasorobo asubuhi, ofisi ya mamlaka ya maji bado inanukia sabuni ya kudekia. Mwanamke mmoja ameketi kwenye meza ya pembeni, karatasi mkono huu, simu mkono ule.

"Shikamoo, mama. Nikusomee?"

"Marahaba. Soma haraka, leo nina wazazi wawili wodini."

Anasoma. Akifika kwenye "maboresho ya miundombinu", sauti ya upande wa pili inamkatiza: "Hayo ndiyo nini tena? Si useme mnabadilisha bomba!" Anacheka, anafuta, anaandika bomba.

Kazini wanamwita Mama Simu, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mapokezi, akipokea simu zisizopungua mia moja na ishirini kwa siku, nyingi za matusi. "Maji yakikatika, wa kwanza kutukanwa ni mimi. Waliokata wamekaa zao ghorofani wanakunywa chai," anasema.

Kwa mshahara huo huo wa mapokezi alijilipia masomo ya jioni ya uhusiano wa umma. Kwa miaka miwili, robo ya mshahara ilikwenda kwenye karo. Aliomba kuhamia kitengo cha mawasiliano mara saba. Mara sita hakujibiwa hata kwa kukataliwa. Mara ya saba akapewa meza na miezi sita ya majaribio. Akifaa, awe afisa uhusiano. Asipofaa, arudi kwenye simu zake.

Mwezi wa tatu akateleza.

Kosa lenyewe ni ugonjwa wa watu wa fani hii, ingawa wachache watakiri. Alichukua tangazo la zamani, akabadilisha tarehe na jina la mtaa, akasahau saa. Likatoka likisema maji yatarudi saa nne asubuhi, kumbe mafundi walipanga saa kumi jioni. Zahanati ya mtaa huo ikaliamini, ikatumia akiba yake yote kufulia mashuka na kusafisha wodi. Saa tano mapipa yalikuwa makavu na mama mmoja ameshikwa na uchungu.

"Nilizalisha kwa maji ya chupa ya dukani," anakumbuka mkunga wa zahanati. "Nikapiga simu ofisini kwao. Niliyoyasema siyarudii."

Mkuu wa kitengo alikuwa na dawa tayari: andika ni hitilafu ya kiufundi, watu wameshazoea. Mama Simu anasema aliiona meza yake ikimponyoka.

"Lakini hiyo hitilafu ya kiufundi, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu kwenye simu miaka yote ile. Hakuna aliyeniamini hata siku moja. Njia ya mwongo fupi, ndugu yangu."

Akaandika mistari mitatu: saa iliyotajwa si sahihi, aliyekosea ni yeye, maji yatarudi saa kumi. Chini akaweka namba yake ya simu. Mkuu akasoma, akaguna, akatia saini. "Utajibeba mwenyewe," akamwambia.

Alijibeba kweli, kwa lori la maji la mamlaka, hadi mlangoni pa zahanati. Siku hiyo alipigiwa simu arobaini na tatu. "Matusi yalikuwa manne tu," anasema kwa fahari isiyofichika. "Kwa kazi yetu, hiyo ni sherehe."

Mkunga naye alikuwa na sharti. "Nilimwambia, mwanangu, siku nyingine nisomee mimi kwanza kabla hujawasomea watu." Tangu hapo hakuna tangazo lililotoka bila yeye kulisikia.

Ijumaa miezi sita inatimia. "Naogopa, sikufichi," anasema Mama Simu. "Wakinithibitisha, nataka msikilizaji kama huyu katika kila kanda, zote kumi na mbili. Awe kinyozi, awe fundi cherehani, mradi awe na mdomo."

Mkuu wake, alipoulizwa ameandika nini kwenye ripoti ya majaribio hayo, alisema ya Ijumaa tuyaache Ijumaa. Akaingia ofisini kwake.

Baada ya muda mfupi akatoka na karatasi, tangazo la bei mpya aliloliandika mwenyewe, akaiweka mezani kwa Mama Simu.

"Kabla sijatia saini," akasema, "msomee kwanza huyo mkunga wako."

Mama Simu akanyanyua simu.

"Shikamoo tena, mama. Kaa vizuri. Hili ni la bosi."