Siku Sauti Yangu Ilipomfokea Baba Mkwe

Jamani, leo nacheka kwa sababu kulia nimeshalia, lakini siku ile baba mkwe alipofokewa na sauti yangu mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote nilitamani ardhi inimeze.

Mimi ndiye mtu wa usalama kwenye kiwanda cha sabuni hapa Kambarage, na sabuni ina kostiki (ikikurukia inachuna ngozi), kwa hiyo bosi akaleta kamera za kisasa, zikimwona mtu hana helmeti zinapiga kelele kwenye spika na kuzima mitambo mpaka avae au atoke. Ila zilikuja na sauti ya mama wa Kizungu mpole, vijana wakawa wanamwitikia "sawa, mama" na kuendelea na kazi. Nikapandwa na hasira, nikarekodi yangu, nikianza na ile "wewe!" ya Kisukuma: "Bebe! Una akili wewe? Toka hapo!" Na nikamwambia fundi aifunge asiizime mtu yeyote, hata mimi. Ujuaji huo!

Sasa wiki hiyohiyo mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa amerudi kwao Samuye, eti amechoka kufokewa. Nikaapa kwenye simu kwamba sifoki, ndivyo ninavyoongea tu. Baba yake akasema binti harudi mpaka yeye aje anisikie.

Akaja kazini bila taarifa, na kofia yake ya pama kichwani. Shikamoo, marahaba, akataka kuona mitambo. Helmeti ya wageni ninayo mkononi, lakini nitamwambiaje baba mkwe avue kofia? Nikaona aibu, nikasema apite tu, dakika moja. (Dakika moja!)

Hatua ya tatu, spika zote: "Bebe! Una akili wewe? Toka hapo!"

Mitambo kimya. Mzee akaitazama spika, akanitazama mimi.

"Baba, siyo mimi, ni mashine."

"Bebe! Una akili wewe?" ikadakia mashine.

Kwa kuchanganyikiwa nikasahau ile ya mkononi, nikavua helmeti yangu nimvike juu ya pama, ikaanguka, sasa tukawa wawili hatuna, ikatufokea wote, nampigia fundi hapatikani, na akina mama wauza vitumbua wameshajaa getini wanachungulia. Mzee akatoka taratibu, hata hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Baba Kulwa," akasema, "kumbe binti yangu hakudanganya."

Kesho yake nikarekodi upya, kwa upole, "Tafadhali ndugu, vaa helmeti." Nikajisikiliza: nagomba. Mara ya nne, nagomba. Mara ya tisa, bado! Nikakaa juu ya ndoo ya sabuni, nikampigia mke wangu, na safari hii sikujitetea.

"Nirushie hiyo ya tisa," akasema.

Nikamrushia. Jioni likaja jibu la neno moja: "Rudia."

Sasa nipo kwenye rekodi ya kumi na nne, Mama Kulwa bado yuko kwao anasikiliza, mama wa Kizungu fundi amemrudisha kwenye spika, na naapa mbele yenu, sifokei tena mtu, wala mashine.