Mtungi wa Gesi wa Baba Nathanael

Mume wangu Joackim Rutaihwa aliendesha lori la kahawa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo mimi niliijua sauti ya injini yake kuliko sauti yake mwenyewe. Alikuja nyumbani Hamugembe, akala, akalala, akaondoka. Watoto niliwalea mimi, kibanja chetu cha migomba kule kwao Buganguzi nilikisimamia mimi, na nikitaka kugombana na mtu niligombana mwenyewe. Silalamiki. Nilikuwa nimezoea, na mazoea yana taabu.

Kisha akastaafu. Nilidhani nimepata mtu wa kuzungumza naye, kumbe nimepata fanicha. Alikaa sebuleni akitazama ukuta, na ukimuuliza jambo alijibu ndiyo au hapana, basi. Asubuhi ukuta, jioni ukuta. Padri alikuja kumtembelea, akamaliza chai, akaondoka bila kuambulia sentensi nzima. Mwanetu Nathanael alipiga simu kutoka Mwanza, baba yake akamwambia "niko salama" na kunirudishia simu. Mimi ni mtu wa maneno, Hamugembe yote inajua, na nasema ukweli: ukimya ule ulinitisha kuliko ugonjwa.

Kilichomtoa ukutani ni tangi la kioo. Hoteli moja karibu na ziwa ilibadilisha mmiliki, ikauza vitu vyake vya zamani, na Joackim akarudi na tangi hilo juu ya mkokoteni. Akaweka mchanga, akapanda majani ya majini aliyoyang'oa mtoni, akatia furu. Jamani, furu! Samaki tunaowakausha na kuwaunga kwa karanga, leo wako sebuleni kwangu, wamewashiwa taa, na mimi naambiwa nipite polepole nisiwashtue. Lakini mzee alianza kuongea. Aliongea habari za mchanga, za maji, za mizizi. Sikuelewa hata nusu, ila nilisema kidogo si haba.

Shida ikawa majani. Yaligeuka rangi ya kahawia, yakavaa ukoga. Joackim alitazama video kwenye simu mpaka akapata jibu: majani ya majini yanataka hewa ya ukaa, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda.

"Na kwenye rubisi!" akaniambia, macho yakimng'aa. Amekulia Buganguzi kwenye nyumba ya wakamuaji, na hakuna jambo duniani ambalo hawezi kulipeleka kwenye pombe ya ndizi.

Akajaza dumu la rubisi changa, akatoboa kifuniko, akapitisha mpira mwembamba mpaka ndani ya tangi. Siku ya kwanza mapovu yalitoka vizuri. Siku iliyofuata rubisi yenyewe ilipanda mpirani ikaingia majini, na furu wakaanza kuogelea ubavuubavu.

"Wamelewa," nikamwambia. "Walete nje waimbe."

Hakucheka. Alibadilisha maji ndoo kwa ndoo mpaka mgongo ukamuuma.

Ndipo alipokwenda Miembeni kwa Yunus, fundi wa majokofu, akarudi na mtungi wa gesi hiyo hiyo ya ukaa, umefungwa nyuma ya bodaboda. Nathanael naye alituma regulata kwa basi, ile ya kushusha nguvu ya gesi, ina geji mbili na skrubu ndogo ya kupunguzia mapovu. Ndani ya boksi hilo kulikuwa pia na kichupa chenye maji ya rangi, cha kubandika ndani ya kioo. Kichupa hicho kilinitesa.

"Mama Nathanael, tazama hapa. Ikiwa bluu, gesi haitoshi. Kijani, safi. Manjano, samaki wanakufa."

"Nimesikia."

"Basi rudia."

"Joackim, namenya ndizi."

"Rudia, waitu, tafadhali."

Nikarudia, kisu mkononi. Nilirudia kila asubuhi kama mtoto wa katekisimu.

Mtungi uliotakiwa kukaa miezi uliisha upesi ajabu. Joackim aliyalaumu majani, akasema yanakunywa kupita kiasi. Yunus alikuja, akaleta mtungi mwingine, akachovya sponji kwenye beseni langu la kufulia na kupaka povu kila mahali panapoungana. Pale regulata inaposhika mtungi, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Mzee, gesi yote imepita hapa," alisema Yunus. "Washa iko wapi?"

Washa, kile kipete cha kuziba maungio, ilikuwa ndani ya boksi la Nathanael, bado kwenye nailoni yake. Yunus akaifunga, akapaka povu tena, likatulia. Baada ya majuma machache majani yalianza kutoa machipukizi mekundu, mazuri kweli, hata mimi nilijikuta nimevuta kigoda karibu. Lakini mtungi ule uliopotea ulimkaa Joackim moyoni. Kila akiona povu linafika juu ya maji na kupasuka, aliguna.

"Inapotea hewani bure," alisema.

Akaenda nyuma ya nyumba akakata majani ya migomba. Kwao, ukishakamua rubisi unaifunika kwa majani ya migomba, unaibana sawasawa, la sivyo nguvu yake inaondoka. Akalifunika tangi namna hiyo hiyo: nailoni chini, majani juu, na kamba za mgomba kuzunguka pande zote. Nilimuuliza, je, samaki?

"Samaki wanaishi majini, hawaishi hewani," akanijibu.

Akapanda gari kwenda Buganguzi kuangalia kibanja, roho yake nyeupe.

Mchana jirani yangu Immakulata aliingia kunisalimia. Alipofika mbele ya kioo akasimama.

"Maawe! Dativa, samaki wako wana adabu! Nimeingia tu, wote wamepanda juu kunisalimia."

Kweli walikuwa juu, wamejipanga chini ya nailoni, midomo inafunguka na kufungika. Immakulata akapiga goti, akawaitikia kwa Kihaya, akawauliza na habari za nyumbani. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha jicho langu likaangukia kichupa. Kilikuwa manjano kama ndizi mbivu.

Kicheko kikakatika. Sikuwawaza furu, Mungu anisamehe. Niliwaza kile kiti na ule ukuta, na mume wangu akirudi kukaa pale, safari hii asitoke tena.

Nikaishika skrubu nikazungusha upande usio wake, mapovu yakafurika, Immakulata akapiga yowe. Nikazungusha upande wake, nikaufunga na mtungi wenyewe. Kamba nikazikata kwa kisu cha ndizi, nailoni nikaivuta ikaanguka na majani yake. Nikachukua jagi, nikawa nachota maji ya tangi na kuyamwaga humo humo kutoka juu, hewa iingie. Immakulata alianza rozari, nikamwambia ashike jagi la pili kwanza.

Mmoja mmoja wakashuka. Alibaki mmoja mkubwa, dume la bluu, amelala ubavu juu ya mchanga, anahema kwa shida. Immakulata alikwenda kwake kupika. Mimi niliendelea kumwaga.

Joackim alirudi jioni. Akanikuta nimelowa mpaka kiunoni, majani ya migomba yametapakaa sakafuni. Aliyatazama majani, akamtazama yule mkubwa, akaelewa bila kuambiwa.

"Ni mimi," alisema. Akaenda kwenye kiti chake, akageukia ukuta.

Hasira zikanipanda.

"Joackim, usinifanyie hivyo! Samaki wakifa tutavua wengine. Wewe ukirudi kwenye huo ukuta, nitakuvua wapi?"

Akageuka taratibu.

"Siku zile za ukuta, ulidhani nimekasirika?"

"Nilidhani unaumwa!"

"Nilikuwa naogopa kukusumbua," alisema. "Nyumba hii ulikuwa nayo peke yako miaka yote. Kila kitu kina mahali pake, kila saa ina kazi yake, na wewe ndiwe unayejua. Nilijiona mgeni, Mama Nathanael. Mgeni hapigi kelele."

Iliniuma, naisema wazi. Nilisimama na jagi langu likidondosha maji kwenye kanga, mpaka mkono wenyewe ukanikumbusha kwamba umechoka.

"Mgeni siku mbili," nikamwambia, "siku ya tatu mpe jembe."

Nikamtia jagi mkononi. Akainuka, akachota, akaanza kumwaga. Nikavuta kigoda nikakaa. Yule mkubwa akatikisa mkia, akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena.

"Na huyu anaitwa nani?" nikamuuliza. "Nimehangaika naye tangu mchana na sijui hata jina lake."

Joackim alimwaga jagi moja, akamwaga la pili.

"Dativa," akasema.

"Dume, umempa jina langu?"

"Ndiye niliyeanza kuongea naye," alisema, hanitazami. "Nilikuwa najizoeza."