Anayeonja Kwanza

Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa kwa umma, viboko waliokutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Rukwa mwezi Novemba walikufa kwa sababu za kawaida za kiangazi; maji ya ziwa pamoja na ya visima vilivyo jirani ni salama kwa matumizi yote; hakuna mwananchi aliyekula nyama ya mizoga; na wananchi wanaombwa waondoe hofu na kuendelea na shughuli zao.

Shughuli ya Leonia ilikuwa kupika pombe.

Alizaliwa juu, Mwazye, ambako ulezi hauhitaji kubembelezwa. Akashuka bondeni Kaoze kuolewa, mume akafa, na safari ya kupanda tena ikawa inaahirishwa mpaka ikasahaulika. Mwanawe Valerian yuko mpakani Kasesya, anaendesha bodaboda na kutuma salamu. Shamba la mama yake hulimwa na majirani kwa siku moja, kabla ya mvua za kwanza, na malipo yao ni pombe ya ulezi. Pombe ikinyweka, jembe linashuka. Isiponyweka, mwaka huo mahindi atayaona kwa wenzake.

Kanuni ya kunywa ni moja na haijaandikwa popote, ndiyo maana inafuatwa: anayekupa kinywaji huonja kwanza, mbele ya macho yako. Hata shemeji yako. Hata katekista. Leonia alikuwa akionja kwanza tangu aolewe, na hakuna aliyewahi kumtazama koo.

Kisha viboko wakaanza kuelea. Walivimba, wakageuka matumbo juu, upepo ukawasukuma hadi mchangani, ambako waliendelea kufa kwa harufu. Wa kwanza alikuwa na mapaja yote mawili asubuhi. Mchana hakuwa nayo, lakini kama taarifa inavyosema, hakuna aliyekula.

Wataalamu wakachukua vipimo wakaenda navyo mjini Sumbawanga. Kaoze haikusubiri majibu. Ilikuwa na Ngeleja.

Ngeleja ni mfugaji, familia yake ilihamia kutoka Usukumani na ng'ombe wengi na maneno machache. Viboko walikuwa wamemkanyagia mpunga msimu uliopita. Nyumbani kwake kulikuwa na dawa ya kuogeshea mifugo. Kwa watu wenye akili timamu hayo mawili yalitosha: amemwaga dawa majini. Jinsi alivyopata dawa ya kujaza ziwa zima ni jambo ambalo hakuna aliyelifanyia hesabu.

Siku ya kulima watu walifika kwa Leonia, majembe begani, wakaketi uani. Mawingu yalikuwa tayari yamekaa juu ya mlima. Leonia akafunua mtungi, akachota kopo, akaonja, akampa Isdori, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondolewa.

Isdori akalitazama kopo kama anayesoma.

"Mama Valerian, maji ya hii ulichota wapi?"

"Kisimani. Nikachote mbinguni?"

"Kisima kile cha mchangani, jirani na ziwa?"

"Imechemka, Isdori. Imechemka siku nzima, kuni zimeniishia."

"Sumu haiogopi moto," akasema mzee mmoja nyuma. Wengine wakaguna kukubali, kana kwamba mzee huyo aliwahi kuichemsha.

"Onja tena," akasema Isdori.

Akaonja tena.

"Umeonja ya juu. Sumu hukaa chini."

Akakoroga, akaonja ya chini.

"Lakini wewe mwenyewe umeshazoea," mwanamke mmoja, Bertilla, akasema kwa upole wa kutisha. "Tumbo la mpishi si tumbo la mgeni."

"Basi nionje na tumbo la nani, dada? Nikuazime lako?"

Ikaendelea hivyo. Kila aliyekuja alitaka aonjewe upya, maana hakuwapo kwenye ile ya kwanza. Jua lilipopanda, mtungi ulikuwa umepungua wazi, jembe halijagusa ardhi, na mtu pekee aliyelewa Kaoze nzima alikuwa mpishi.

Hapo ndipo gari la wataalamu lilipofika. Bwana Calvin, msemaji wao, alishuka na spika ya mkono, akaona watu wamekusanyika, akafurahi. Kwa kawaida hulazimika kuwakusanya. Akasoma taarifa yote. Alipofika kwenye neno "salama," Leonia akasimama, akashika nguzo ya nyumba mpaka dunia ikatulia, akachota kopo, akapiga goti.

"Baba, shukrani. Maji ni haya haya ya kisimani. Leo wewe ndiye unayetunywesha, kwa hiyo wewe ndiye unayeonja."

Bwana Calvin akapokea kopo kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Mama, asante sana. Ila niko kazini."

"Hata maji hayanywewi kazini?" akauliza Isdori.

"Tuna vijiji vingi leo," akasema Bwana Calvin, akaliweka kopo juu ya kinu, likiwa limejaa kama alivyolipokea. Gari likaondoka.

Isdori akaokota jembe lake. Wengine wakaanza kuinuka. Leonia alilitazama shamba, akayatazama mawingu.

Ngeleja, aliyekuwa amesimama nje ya ua kwa sababu hakuna aliyemkaribisha ndani, akaingia.

"Mayu," akamwambia Leonia, yaani mama, "nipe hilo kopo."

Akawageukia watu. "Mnasema sumu niliitia mimi. Sawa. Kwa hiyo ninayejua ilipo na ambako haipo ni mimi."

Akanywa, akageuza kopo chini kuonyesha, akafuta mdomo, akaomba la pili.

Kaoze ikafikiri. Hoja haikuwa na tundu. Kama mtiaji sumu anainywa, basi hii haina. Isdori akasogea. "Mimi sijasema ni wewe, ndugu yangu, mimi nilisikia tu. Hebu lete hapo." Baada yake akanywa hata Bertilla, akiwa ameziba pua kidogo kwa ajili ya heshima.

Walilima mpaka shamba likaisha, Ngeleja akiwa mstari wa mbele, ambako kila mtu angeweza kumwangalia. Leonia mwenyewe hakulima. Alikaa ukingoni akiimba nyimbo za Kwaresima, ingawa ilikuwa Novemba.

Shamba lake linapakana na kisima. Kwa hiyo wote waliona gari la Bwana Calvin liliporudi mchana kutoka vijiji vingine, likasimama pale likifuka moshi mweupe. Dereva akafungua boneti. Akaitazama ndoo ya kisimani na kamba yake, kisha akamtazama Bwana Calvin. Bwana Calvin akatikisa kichwa.

Dereva akaenda nyuma ya gari, akatoa katoni ya maji ya chupa, akaanza kufungua moja moja na kuyamimina kwenye rejeta.