Kizibo cha Mama Vumbi

Fundi wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi aliitwa Mama Vumbi, na jina lilimstahili kabisa. Kwa miaka alitoka karakana akiwa mweupe pe, kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga: nyusi nyeupe, kope nyeupe, na watu walisema hata kikohozi chake ni cheupe. Lilikuwa vumbi la ile sponji ngumu inayochongwa kuwa ubao, ikavishwa faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo, ikapakwa gundi kali inayochoma pua, halafu vijana wakaikimbiza baharini.

Siku moja binti yake, mtoto wake wa pekee, alitoka kuogelea. Mama Vumbi alipokuwa akimkausha nywele kwa taulo aliona punje ndogo za sponji za samawati zimeng'ang'ania kichwani. Rangi ile aliijua. Aliichanganya mwenyewe, ya kupaka mbao zake! Mvua ilikuwa imefagia karakana, mtaro ukapokea, bahari ikapokea, na sasa bahari ilikuwa inamrudishia mzigo wake kichwani mwa mtoto.

Tangu hapo akaachana na sponji, akahamia kwenye mti. Alichukua vipande vyembamba vya mti mwepesi, akavibandika kwa gundi ya utomvu juu ya mbavu za mti huohuo, ndani patupu kama gitaa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye bado alikuwa akichonga sponji katika karakana ya jirani, akaja kuchungulia.

"Shemeji, hili ni kabati au jeneza?"

"Ni ubao. Ukivunjika unaoza, basi. Wa kwako ukivunjika, wajukuu wa wajukuu watakuta vipande."

"Haya, lakini ungeweka hata droo moja."

Shemeji alicheka, Mama Vumbi naye akacheka, ingawa moyoni hakuwa ametulia. Ubao wenye uwazi ndani una hewa, na hewa ikipata joto hutanuka na kusukuma maungio mpaka yaachie. Kwa hiyo karibu na mkia aliacha tundu dogo la kupumulia. Ubao ukiwa nchi kavu, tundu linakaa wazi. Ukienda majini, linafungwa kwa kizibo cha skrubu. Ni hivyo tu! Ila mikono iliyozoea sponji haijui habari za kizibo. Sponji unaibeba kwapani, unakimbia, unajitupa.

Asubuhi moja bahari ilipochangamka, binti alikuja akaukumbatia ubao mpya.

"Mama, ni mzuri mpaka naona aibu kuukanyaga."

"Ukanyage. Nimeuchonga ukanyagwe."

Akatoka nao mbio, akavuka barabara. Mama Vumbi akabaki anafagia maranda huku anaimba. Alipotia mkono kwenye mfuko wa aproni atafute kitambaa, vidole viligusa kitu cha baridi, cha mviringo.

Kizibo.

Ufagio ulianguka. Alikimbia bila viatu, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, dereva mmoja akamtukana, hakusikia. Kichwani mlikuwa na jambo moja: sponji hata ikikatika vipande viwili inaelea, lakini ule ubao utakunywa maji kidogo kidogo mpaka ushibe. Na binti ameufunga kwenye kifundo cha mguu kwa kamba, kama wanavyofanya wote ili wimbi lisiwanyang'anye. Ukishiba, si ubao tena. Ni nanga.

Shemeji alikuwa ufukweni anapaka nta ubao wake.

"Shemeji! Kizibo!" Alikiinua juu.

"Umeniletea kifungo cha shati?" Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka. Akanyakua ubao wake akaingia majini.

Mama Vumbi aliingia mpaka kiunoni, akaishia hapo. Mtu aliyechonga mbao zote zile hakujua kuogelea! Mbali, binti alikuwa kichwa tu na mabega; mkia wa ubao haukuonekana kabisa. Wimbi likaja, likamfunika. Vikaonekana vichwa viwili. Kikabaki kimoja. Bado kimoja. Halafu, ee Mungu, viwili.

Walirudi wote juu ya sponji ya shemeji, ule wa mti unaburutwa nyuma, mzito kama ng'ombe aliyekufa.

"Mkaidi huyu!" shemeji alihema. "Namwambia fungua kamba, uuache uende. Hataki! Umemvuta chini, bado hataki!"

"Mama ameuchonga mwenyewe," binti alisema, meno yakigongana. "Ningeuachaje?"

Hapo ndipo hofu ilipomshika Mama Vumbi kweli kweli, kuliko alipokuwa majini. Akakaa mchangani. Akaufungua ule mkanda wa kamba mguuni mwa mwanawe, akaufunga tena.

"Fungua."

"Mama, nimeshatoka—"

"Fungua! Kwa mkono mmoja. Fumba macho."

Binti akafungua. Mama akafunga tena. Pembeni yao ubao ulikuwa unatapika maji kwa lile tundu, glu, glu.

"Sema ni mti tu."

"Ni mti tu, mama."

"Nitachonga mwingine. Sema tena."

"Ni mti tu."

Shemeji alitaka kutia utani, badala yake akaenda kuuinamisha ubao maji yaishe. Mama Vumbi alikuwa ameshika kile kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili, na mikono ilikataa kuachia.