Firigisi Niliyokula Leo Mpwapwa

Jamani, leo nimekula firigisi ya watu na aibu haijanitoka.

Mnajua tunashuti filamu huku Mpwapwa. Ni kichekesho cha zamani cha jukwaani, cha enzi za Mjerumani: tapeli anajifanya katumwa na boma, kijiji kizima kinamchinjia kuku. Sisi tumekileta zama hizi, tapeli kavaa suti.

Tapeli mwenyewe ni mimi.

Mchana, wakati wa mapumziko, bibi mmoja akaniita kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Ugali wa uwele, kuku mzima, firigisi juu kabisa. Nikajua ndicho chakula chetu waigizaji. Nikala, nikalamba na vidole!

Wakati nanawa, akaniuliza taratibu:

"Sasa baba, maji mtatuletea lini?"

Kumbe aliniona asubuhi nashuka kwenye gari na suti yangu. Akajua ofisa wa maji kafika.

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Badala yake mdomo ukatoa maneno ya tapeli, niliyoyakariri wiki nzima:

"Mwezi ujao, bibi."

Akanishika kwa mikono miwili, akashukuru.

Kesho narudi kumwambia. Nianzie wapi, jamani? Nisaidieni.

Maana jioni nimepita pale, nimemkuta anasugua ndoo.