Siku Nilipofagia Bustani ya Kijapani

Chekeni tu, mimi mwenyewe nikilikumbuka hili hata nikiwa peke yangu jikoni nafunika uso kwa upande wa khanga, maana siku ile sikuwa mtoto, nilikuwa mama mzima mwenye wakwe.

Binti yangu Rehema alikuwa mpishi kwenye meli ya watalii, na wafanyakazi wa meli ile huruhusiwa kumpandisha mzazi kwa nauli ya kutupa, basi mimi mama wa Tanga nikapandia Dubai, nikavaa kofia nyeupe, na wazungu wa kike tuliokaa nao meza moja nikawaambia nina mashamba ya mkonge (nina migomba tu, nyuma ya nyumba). Tulipofika Doha sikushika hata chai kwa furaha. Hamisi, mtoto wa kaka yangu, alikuwa mlinzi kwenye hoteli moja kubwa yenye bustani ya Kijapani, na alishaniahidi kwamba nikiiona hiyo, akitoka zamu ananipeleka ngome ya zamani na souq, soko lao la kale.

Bustani ilikuwa ya wageni wa hoteli na wa ziara za kulipia peke yao. Hamisi akanifungulia geti huku anatazama nyuma.

"Shangazi, usikawie. Bosi akijua nimeingiza ndugu, khalas, kesho napandishwa ndege. Na mke wangu Mwanaidi anajifungua mwezi ujao."

Nikamwambia atulie, shangazi yake si mshamba.

Jamani, pale ni pazuri. Kidaraja chekundu, samaki wa rangi ya machungwa, vichaka vimekatwa mviringo utadhani vimenyolewa na kinyozi, nami napiga picha huku na huku. Mbele nikaona uwanja wa mchanga mweupe, katikati mawe makubwa meusi, nikasema hapa ndipo pa kupigia picha ya kutuma kwenye grupu la familia. Nikavua viatu (adabu hiyo), nikakatiza mpaka kwenye mawe, nikajipiga, nikageuka, na nyayo zangu hizo zimejipanga mchangani.

Sasa kwetu uwanja uliofagiwa hukanyagi ukaacha nyayo, ni kumdharau aliyeufagia. Halafu nikiutazama vizuri, nikaona mwenyewe umefagiwa ovyo, mifereji mifereji kila mahali, nikajua aliyeanza kaitwa kabla hajasawazisha. Reki yake ile pale, kaiegemeza ukutani. Nikaichukua, nikaigeuza mgongo, nikainama na kuanza na nyayo zangu, kazi ikaninogea, nikaendelea mpaka uwanja wote ukawa laini kama unga uliochekechwa, na roho yangu kwatu.

Hamisi alipotokea alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Shangazi, umefanya nini? Ile mistari ndiyo bustani yenyewe. Kuna fundi analipwa kuichora."

Sijajibu, tukasikia sauti. Bosi anakuja na kundi la wageni wa ziara, na waliotangulia ni wale wale wa meza yangu. Hamisi akakimbilia kibandani, akarudi na fulana ya kijani ya wafagiaji, akanivisha juu ya gauni langu la safari, kofia akaificha nyuma yake.

"Huyu nani?" bosi akauliza.

Nilimwona Hamisi macho yanamlenga machozi, mtoto niliyemlea kwa mikono yangu, nikajibu mimi kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba mimi mfagiaji mpya niliyeletwa na kampuni (wafagiaji pale walibadilishwa kila wakati, hakuna aliyewajua sura).

Mama mmoja wa meza yetu akasogeza miwani. "Huyu si yule mwenye mashamba ya mkonge?"

Nikamtazama usoni. "Hapana, madamu. Umenifananisha."

Bosi akanigombeza mbele yao wote, mistari imekwenda wapi, nani kakufundisha kazi, akamwita fundi aje achore upya, na mimi nikaamriwa nifagie majani njia nzima. Nikafagia, jasho linanitiririka, mtu mzima na heshima zangu, wageni wananipisha kwa huruma, nikafagia mpaka nikatokea nje ya geti. Ngome sikuiona, souq sikuiona. Hamisi akanipakia kwenye teksi hadi bandarini, hata kuniaga akashindwa kwa aibu, na safari yote iliyobaki nilikula chumbani nikimdanganya Rehema kwamba tumbo linanisumbua.

Wiki ile ile Hamisi akapiga simu, kicheko kinamkata maneno. Kazi yake iko salama, hakuna aliyeshtuka. Ila bosi alimuulizia yule mfagiaji wa kike, akaambiwa hajaonekana tena, akasema hata akija asiruhusiwe kuingia, amefukuzwa. Basi katika ukoo wetu wote mimi ndiye niliyefukuzwa kazi Qatar bila kuajiriwa, na tangu hapo nikiingia kwenye bustani ya watu natazama kwa macho tu, mikono naifunga mgongoni.